Teatre ya kushirikisha watoto na jamaa: pale mtazamaji anaposema "Simama!"

Mwishoni mwa michezo mingi ya kuigiza, mchezaji mmoja anageukia watu na kuwapa somo la siku: wazazi, pelekeni watoto masomoni, vijana, acheni ugomvi. Watu wanapiga makofi, kiisha kila mmoja anarudi kwake. Kuna aina nyingine ya teatre isiyokubali mwisho wa namna hiyo. Hadithi inafika pahali pabaya, inakatika, na kazi inabaki mikononi mwa wale waliokuja kutazama. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama, kuingia katikati ya duara, kuchukua nafasi ya mchezaji na kujaribu njia yake mwenyewe.

Kwa Kifaransa inaitwa théâtre participatif. Hapa tutaiita teatre shirikishi. Makala hii inaeleza ni kitu gani, imetoka wapi, inachezwa namna gani, na ni hatari gani za kuangalia wakati watoto wako ndani. Tunaandika kwa ajili ya wazazi, walimu, wakubwa wa vijiji na vikundi vya vijana vya Kasongo, Kabambare na majimbo mengine ya mashariki. Katika jamaa zetu mambo makubwa ya mtoto, kama kuacha masomo, kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kuolewa, ao kupokelewa nyumbani akitoka porini, mara nyingi yanakatwa na wakubwa wakati mtoto amekaa kimya. Teatre hii ni njia moja ya kumpa nafasi ya kusema bila kumvunjia mtu heshima.

Ni teatre ya namna gani?

Wengi tunafahamu sketi ya redio ao mchezo wa mwisho wa mwaka masomoni. Mtu ameandika maneno, wachezaji wameyashika kichwani, watazamaji wanacheka ao wanalia. Teatre shirikishi inatofautiana na hiyo kwa mambo matatu.

Kwanza, maneno hayakuandikwa. Wachezaji wanakubaliana tu ni nani yuko ndani ya hadithi, kila mmoja anataka nini, na hadithi itakatikia wapi. Mengine wanayabuni papo hapo. Ndiyo maana wanaweza kumjibu mtazamaji anayeingia bila kuomba ruhusa ya karatasi.

Pili, mtazamaji ana haki ya kuingia. Hatoi mawazo tu akiwa amekaa kwenye kiti. Anasimama, anavaa kitambaa cha mchezaji na anatenda. Kusema "mimi ningemwambia baba ukweli" ni rahisi. Kumwambia ukweli baba aliyesimama mbele yako na macho makali, hata kama ni baba wa mchezo, ni kitu kingine.

Tatu, aliyeleta mchezo hana jibu mfukoni. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kama mwongozaji anajua tayari jibu analolitaka, watoto watalisikia kwenye sauti yake na watampa. Hapo teatre imekuwa mahubiri yenye vicheko.

Mizizi iko hapa kwetu, mbinu nyingine zimetoka mbali

Wazee wetu hawakungoja mtu kutoka ng'ambo kuwafundisha kushirikisha watu. Hadithi za jioni karibu na moto zina mwitikio: msimuliaji anaita, watoto wanajibu, wimbo unarudiwa na wote. Msimuliaji akiona watoto wanasinzia anabadilisha njia, anaongeza fisi, anamuuliza mmoja wao jambo.

Mfano ulioandikwa vizuri ni hadithi ya shujaa Mwindo ya Wanyanga wa upande wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisimulia kwa siku nyingi mbele ya watu, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Maandishi yao yanaonyesha kwamba Rureke hakukaa tu na kusema. Aliimba, alicheza, aliigiza Mwindo mwenyewe, akiwa na kibuyu cha kutikisa na njuga. Wasaidizi wake walipiga mti kwa vijiti, na watu waliokuwepo waliitikia nyimbo. Kwa Walega pia, ambao tuna wengi hapa Maniema upande wa Pangi, mafundisho ya bwami yanapitia methali zinazochezwa kwa ngoma na sanamu ndogo.

Mbinu ya kusimamisha mchezo, ile ya "Simama!", imetoka Amerika ya Kusini. Augusto Boal, aliyezaliwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1931, alikuwa mwongozaji wa teatre wakati nchi yake ilikuwa chini ya utawala wa wanajeshi. Mwaka 1971 alikamatwa na kuteswa, nyuma yake akakimbilia nchi nyingine. Mwaka 1973 alikuwa Peru, akitumika katika mpango wa kufundisha watu wakubwa kusoma na kuandika.

Boal mwenyewe anasimulia kisa kimoja cha huko. Mama mmoja asiyejua kusoma alipewa na mume wake karatasi za kutunza, akaambiwa ni hati za mambo ya nyumba. Siku moja jirani akamsomea: zilikuwa barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Wachezaji waliigiza hadithi hiyo, na watazamaji wakapendekeza ajibu namna gani mume akirudi. Mama mwingine katika watazamaji hakuridhika. Kila mara wachezaji walipojaribu wazo lake, alisema siyo hivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Alipanda, akachukua ufagio, akampiga mchezaji yule kweli kweli, kiisha akamsamehe na kumtuma amletee chakula. Boal anasema hapo ndipo alipoelewa kwamba mtu akitafsiriwa na wengine, maana yake inapotea. Tangu hapo mtazamaji alipewa nafasi ya kuingia. Boal alikufa mwaka 2009, lakini mbinu yake inatumiwa katika nchi nyingi.

Kwa upande wa watoto kuna jina lingine la kujua: Viola Spolin wa Chicago, Marekani. Kwenye miaka ya 1930 na 1940 alitumika na watoto wa mitaa ya maskini, wengi wao wa jamaa zilizohamia kutoka nchi mbalimbali, zenye lugha mbalimbali. Aliona kwamba ukimwambia mtoto "igiza", anaganda. Ukimpa mchezo wenye sheria na lengo, anaigiza bila kujua kama anaigiza. Kitabu chake cha michezo hiyo kilitoka mwaka 1963.

Tukirudi karibu na kwetu, Tanzania ilitumia teatre kwa ajili ya wasichana wa shule. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme, na Penina Mlama alikuwa mmoja wa waliouongoza. Wasichana wenyewe walitaja magumu yao ya shuleni, wakayachambua, wakayaigiza mbele ya walimu na wazazi, kiisha wakafuatilia nini kimebadilika. Nyuma yake shirika la FAWE, linaloshughulika na elimu ya wasichana Afrika, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine. Jina lenyewe linaeleza kazi: wao ndio wanaosema.

Hapa Kongo, shirika la Search for Common Ground lilianza kazi mwaka 2001 kwa jina la Centre Lokole, jina la ngoma ya mti inayopeleka habari mbali. Lilifundisha vikundi vya teatre shirikishi katika majimbo ya mashariki, na wakimbizi waliorudi nyumbani walikuwa kati ya watu waliolengwa. Kwenye kazi ya namna hiyo wachezaji hawaingii kijijini na hadithi iliyopikwa mjini. Wanatangulia kuongea na watu, wanasikiliza, kiisha wanatunga mchezo kutokana na yale waliyoyasikia, bila kuonyesha nyumba ya mtu fulani.

Mchezo mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kutungwa, ili msomaji aone kazi inavyoenda.

Msichana wa miaka 14 anasoma vizuri. Masomo ya msingi ya serikali yamefanywa ya bure tangu mwaka 2019, lakini yeye amefika sekondari, na sekondari inaomba franka. Mjomba anatoka upande wa machimbo na habari: kuna mwanaume mwenye mali, yuko tayari kutoa. Baba ana deni ambalo hajamwambia mtu. Mama ananyamaza. Mama mzee wa nyumba anasema yeye pia aliolewa mdogo na hakufa. Msichana analia, mjomba anapokea kinywaji, mchezo umeisha. Yote hayo ni dakika 10 hadi 15.

Mara ya kwanza mchezo unachezwa mzima bila kukatwa. Mwongozaji, yaani yule anayesimama kati ya wachezaji na watu, anauliza maswali mafupi. Mmeona nini? Mambo yalianza kuharibika saa gani? Ni nani angeweza kufanya kitu lakini hakufanya? Boal alimpa mtu huyu jina la ile karata ya jokeri, sababu hana upande wake.

Kiisha mchezo unarudiwa toka mwanzo. Sasa yeyote anayeona pahali pa kubadilisha anapaza sauti: "Simama!" Wachezaji wanaganda. Mtu anaingia, anachukua kitambaa cha yule anayetaka kumbadili, na mchezo unaendelea kuanzia hapo. Wachezaji waliobaki hawamrahisishii. Baba anabaki na deni lake, mjomba anabaki na haraka yake.

Tuseme kijana mmoja anachukua nafasi ya msichana.

"Baba, mimi nakimbia."

Mwongozaji hamkatazi. Anamuuliza tu: "Unakimbilia wapi?" Kijana anaenda barabarani ndani ya mchezo, usiku unaingia, hana franka, na mtu wa kwanza anayekutana naye anataka kitu. Watu wanaona wenyewe kwamba kukimbia siyo mlango mwepesi. Hakuna aliyewahubiria.

Msichana mwingine anaingia, lakini anachagua nafasi ya mama. Anakaa chini karibu na baba, anaongea polepole.

"Baba ya watoto, hii haraka inatoka wapi? Kuna deni?"

"Weye nani alikuambia mambo ya deni?"

"Hakuna aliyeniambia. Naona usiku haulali. Ni ngapi?"

Mchezaji wa baba, ambaye hakuandikiwa jibu, analazimika kutafuta. Anataja deni. Sasa shida ina jina, na wanaanza kuhesabu: gunia za mpunga, mbuzi mmoja, kumwomba mwenye deni angoje mavuno. Labda hesabu haitoshi. Hata hivyo wote waliokaa pale wameona kitu ambacho hakikuonekana mara ya kwanza: ndoa ile ilikuwa njia ya kulipa deni.

Mtu wa tatu anapaza sauti kutoka nyuma: "Baba aseme tu kwamba ameacha, yaishe!" Hapo mwongozaji anauliza watu: hii inawezekana kwetu? Baba wa namna hii anabadilika kwa neno moja? Watoto watacheka na kusema hapana. Suluhisho linaloanguka kutoka mbinguni halikubaliwi.

Baada ya majaribio matatu ao manne, mwongozaji anakusanya yaliyoonekana. Hapa ndipo sheria inaweza kutajwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni mtu asiyefikisha miaka 18, na inakataza uchumba na ndoa ya mtoto. Sheria ikitajwa mwanzoni, baba waliokuja watafunga masikio. Ikitajwa baada ya watu kuhangaika pamoja, wanaisikia kama kitu kinachoweza kuwasaidia.

Michezo midogo ya kuanzia

Mbele ya kufika kwenye hadithi nzito, watoto na wazazi wanahitaji kuzoeana. Michezo hii mitatu haiombi kitu chochote.

Kioo: watu wawili wanatazamana. Mmoja anatikisa mkono polepole, mwingine anamfwata kama kioo, kiisha wanabadilishana. Mzazi na mtoto wakiucheza, mtoto anaongoza na mzazi anafwata. Kwa jamaa nyingi hiyo ni mara ya kwanza.

Ndiyo, tena: mmoja anasema, "Leo tumepata samaki mkubwa." Wa pili lazima akubali na kuongeza: "Ndiyo, tena amekataa kuingia kwenye sufuria." Anayesema "hapana" anavunja mchezo. Unafundisha kusikiliza, kwa sababu huwezi kuongeza juu ya neno ambalo hukulisikia.

Sanamu: kikundi kinaambiwa neno moja, kwa mfano "nyumbani jioni", na kinatengeneza picha kwa miili yao bila kusema. Wengine wanatazama na kueleza wanachokiona. Kiisha kikundi kinatengeneza picha ya pili, ya nyumba wanayoitamani. Swali ni moja: nani anatangulia kutikisika ili tutoke picha ya kwanza twende ya pili?

Watoto wa miaka 6 hadi 9 wabaki kwenye michezo hii na hadithi za wanyama. Miaka 10 hadi 13 wanaweza kuingia katika hadithi za ugomvi wa nyumbani na masomoni. Mambo ya ndoa, machimbo na vita yangoje vijana wa miaka 14 na zaidi, na wakubwa wakiwa karibu.

Mtoto anasema namna gani mbele ya wakubwa?

Hapa ndipo mbinu ya kutoka mbali inakutana na desturi. Kwetu mtoto hakati neno la mzee mbele ya watu. Kikundi kinachosahau hilo kitapata kimya kwa watoto na hasira kwa wazee. Kuna njia za kupita bila kuvunja heshima.

Njia ya kwanza ni kuwaona watoto peke yao asubuhi. Wanacheza, wanataja magumu yao, wanachagua hadithi. Mchana, mbele ya wazazi, mchezo unakuwa wa kikundi, hakuna anayejua wazo lilitoka kwa mtoto gani.

Njia ya pili ni kupindua nafasi. Baba mmoja anaombwa acheze mtoto, na mtoto anacheza baba. Watu watacheka sana, na kicheko hicho ni kazuri. Katikati ya kicheko, baba aliyepiga magoti akiomba franka ya daftari anasikia kitu magotini mwake ambacho hotuba haiwezi kumpa.

Njia ya tatu ni mpangilio wa watu. Watoto wakae mbele, mama wasisukumwe nyuma kabisa, na mzee wa kijiji asiombwe kusema wa kwanza. Akisema wa kwanza, hakuna mwingine atakayesema tofauti. Aelezwe mbele ya mchezo, kwa heshima, kwamba neno lake litakuwa la kufunga.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kifungu cha 31 kinampa haki ya kucheza na kuingia katika sanaa. Teatre hii inashika vyote viwili kwa mkono mmoja.

Sheria za kulinda mtoto

Mchezo ukiisha, wachezaji wanakunja vitambaa na kuondoka. Mtoto aliyesema anarudi katika nyumba ileile, kwa baba yuleyule. Kwa hiyo kikundi kinachofanya kazi hii Kasongo, Salamabila ao kijiji chochote cha Kabambare kishike mambo haya:

- Mtoto asiombwe kuigiza jambo lililompata yeye mwenyewe. Aliyeona vita ao kubakwa hachezi vita wala kubakwa. Hadithi iwe ya mtu mwingine, wa kutungwa, wa kijiji kisichokuwepo.
- Majina ya kweli ya watu, ya nyumba na ya vikundi vyenye silaha yasitajwe. Hata kabila lisitajwe.
- Mtoto ana haki ya kukaa na kutazama tu. Mwongozaji asimwonyeshe kidole.
- Awepo mtu mzima mmoja anayejulikana na watoto ambaye hachezi: mwalimu, mama wa parokia, mama wa msikiti ao mhudumu wa afya. Mtoto akianza kulia ao kutetemeka, mtu huyo anatoka naye pole pole.
- Mtoto akifunua jambo zito, lisijadiliwe mbele ya watu. Kikundi kiwe kimekwisha kujua mbele ya siku hiyo kitampeleka kwa nani.
- Picha na sauti za watoto zisichukuliwe bila ruhusa ya mtoto na ya mzazi. Sisi watu wa redio tunahusika hapa wa kwanza.
- Mkubwa wa kijiji na walinzi wa usalama wajulishwe mapema, na mchezo uishe mbele ya giza.

Saa nayo ni ulinzi. Kasongo ina Waislamu wengi na Wakatoliki wengi. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi siyo saa za mchezo. Siku ya soko, mama hawana nafasi. Wakati wa kuvuna mpunga, jamaa nzima iko shambani. Ukichagua saa mbaya, watakaokuja ni wale wasio na kazi, na hadithi itakosa wenyewe.

Vitu vinavyoharibu kazi

Kitu cha kwanza ni jibu lililolipiwa. Mradi unakuja na ujumbe, wachezaji wanaambiwa watu lazima wafike kwenye ujumbe huo. Watoto wetu ni werevu. Wakiona wageni wanapenda neno fulani, watalisema vizuri, watapigwa picha, na nyumbani hakuna kitakachobadilika.

Cha pili ni kumchekesha mtu juu ya aliyeonewa. Kucheka kunafungua roho, lakini tuangalie tunamcheka nani. Kama watu wanamcheka msichana anayelia, mchezo umekuwa upande wa mjomba.

Cha tatu ni kumbebesha mtoto mzigo wote. Kama kila jaribio linaishia "msichana awe na nguvu, aseme hapana", tumewaambia wakubwa kwamba hawana kazi. Ndiyo maana ni vizuri watazamaji waruhusiwe kuchukua nafasi ya mama, shangazi, jirani ao mwalimu, wale waliokuwa karibu na kunyamaza.

Cha nne ni mchezaji anayetaka kushinda. Kazi yake ni kumpinga mtazamaji kiasi cha kweli. Akimwangusha kila anayeingia, watu watajifunza kwamba hakuna njia, na hiyo ni mbaya kuliko kutocheza.

Redioni, na siku zinazofuata

Redio ya jamii inaweza kubeba teatre hii mbali kuliko miguu ya wachezaji, hasa wakati wa mvua barabara zikikatika. Mchezo unarekodiwa hadi pale unapokatika, na unarushwa bila mwisho. Wasikilizaji wa kijiji wanakaa pamoja kwenye redio moja, wanajaribu mwisho wao palepale barazani, na wenye simu wanatuma mawazo. Juma linalofuata wachezaji wanaigiza mawazo mawili ao matatu, na tofauti yake inaonekana. Sauti za watoto zisirushwe na majina yao.

Nyuma ya mchezo, kamati ya wazazi ya masomo ni pahali pazuri pa kuendelea. Yaliyoonekana kwenye duara yanaweza kuwa swali la kikao chao: katika masomo yetu, ni wasichana wangapi wameacha mwaka huu, na ni nani aliyeenda kuwatembelea? Wachezaji warudi baada ya mwezi mmoja ao miwili. Kikundi kisichorudi hakiwezi kujua kama kilisaidia ao kilileta ugomvi.

Ukitaka kuanza

Unahitaji watu watano ao sita, wanawake na wanaume, wanaokubali kukutana mara moja kwa juma. Vitambaa vichache vya kutofautisha baba, mama, mjomba. Ngoma ya kuita watu. Uwanja wenye kivuli. Mwongozaji mmoja anayejua kusikiliza zaidi ya kusema, na anayeweza kukaa kimya dakika nzima baada ya kuuliza swali. Miezi miwili ya kwanza mchezeane ninyi kwa ninyi, na michezo midogo tu, mbele ya kuita watoto wa watu.

Teatre hailipi minervali, haifukuzi wenye silaha na haiponyi mtoto aliyeumia ndani. Kazi hizo zina wenyewe. Inachoweza ni kumfanya mzazi aone, mbele ya jirani zake na bila kutajwa jina, saa ambayo angeweza kusema kitu nyumbani mwake. Kikundi kikitaka kujua kama kimefanya kazi nzuri, kisihesabu makofi. Siku chache nyuma ya mchezo, kiwaulize watoto: nyumbani mliongea juu ya hadithi ile? Ni nani aliyeanza?